Shikamoo Iliyogeuka

Vijana wa idara mmeniomba niandike "chochote kile" kuhusu miaka yangu ya kazi, eti mkiweke kwenye kabati la wanafunzi. Chochote kile! Ndivyo anavyoombwa mtu mzima? Haya. Mimi ni Kabula, muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Magu, na nimefanya kazi Mwanza tangu nikiwa msichana mwembamba mpaka nimekuwa hivi mnavyoniona. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa utafiti wa afya na matunzo ya wazee. Nilipiga hodi kwenye nyumba za watu, nikakaa na mzee, nikampima, nikamuuliza, nikamsikiliza, kisha nikaandika. Nani alinipandisha cheo na lini, hayo kamuulizeni mhasibu. Nitawaeleza jambo moja lililonisumbua tangu ujana na linanisumbua mpaka leo, nalo ni salamu.

Siku yangu ya kwanza wodi ya wanaume nilipokelewa na Sista Adventina. Hakuwa mtawa. Siku zile muuguzi mkuu wa wodi tulimwita Sista, na huyu alikuwa Mhaya wa Kagera, Mlutheri, mrefu, gauni limepigwa pasi mpaka unaogopa kulikaribia. Nilitegemea atanikabidhi kipimo cha shinikizo la damu. Akanikabidhi kikata kucha.

"Anza na kitanda cha dirishani," akasema. "Miguu."

Nilinuna. Nimesoma miaka yote ile, mama yangu ameuza mpunga, nije nikate kucha za mtu? Lakini nilipofunua blanketi la yule babu wa dirishani nilikuta ukucha mmoja umejikunja ukaingia kwenye nyama, na huko ndani kumeoza. Homa yake ilikuwa inatoka huko. Sista hakuniambia "unaona?" wala nini. Alipita tu na trei yake. Tangu siku hiyo nimetembea na kikata kucha kwenye mfuko wa gauni, na nawaambia ninyi mnaoanza: hicho ndicho kitakachowafungulia milango ya nyumba za wazee kuliko kitambulisho mnachoning'iniza shingoni. Mzee ambaye hataki kuhojiwa hukubali kukatwa kucha, na akishakupa mguu wake atakupa na maneno.

Alinifundisha pia kutandika. Kona ya shuka ikunjwe, ivutwe, ibanwe chini ya godoro, kwa sababu mkunjo mmoja chini ya mgongo wa mzee ni kidonda cha wiki ijayo. Alikuwa akipitisha kiganja juu ya shuka kama mama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa, na akikuta mkunjo unatandua kitanda chote, unaanza upya, mgonjwa akiwa anakuangalia kwa huruma.

Na ulimi wangu! Sisi Wasukuma herufi R tunaiacha nyumbani tukitoka. Nilimpelekea karatasi yangu ya kwanza nikasema, "Sista, nimeleta lipoti."

"Umeleta nini?"

"Lipoti."

"Waitu!" akang'aka kwa Kihaya. "Rudi nayo, uje na ripoti."

Mtoto wa mgonjwa akiniamkia nami nikamjibu "malahaba", Sista alipaza sauti kutoka mwisho wa wodi, wagonjwa wote wanasikia: "Ma-RA-haba, Kabula! Huyo mtoto kakuamkia kwa Kiswahili!" Wodi nzima inacheka, hata wenye drip. Miaka na miaka hakuwahi kuniachia hata moja ipite. Nami nilimlipa kwa kumtania Uhaya wake, majivuno yake na senene, panzi wake wa kukaanga wa kwenye kopo, lakini ulimi ulinyooka. R hii mnayoisikia kwangu ni ya Sista Adventina.

Jambo moja lilinishangaza kwake. Pamoja na ukali ule na gauni lile, akija bibi wa Kihaya kumwona mgonjwa, Sista alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya wodi akamwamkia, akabaki chini mpaka aitikiwe. Kwao mtoto wa kike aliyelelewa huamkia hivyo. Bibi akichelewa kuitikia, Sista naye anachelewa kuinuka, na dawa za saa nne zinasubiri.

Baadaye ukaja utafiti. Chuo kilitaka kujua wazee wa Mwanza wanaishije majumbani na nani anawatunza, na Sista akateuliwa kusimamia kazi ya nyumba kwa nyumba. Akanichukua mimi. Tulipewa dodoso refu lililotungwa mbali na kufasiriwa na mtu ambaye nadhani hajawahi kuwa na bibi. Liliuliza: je, unaweza kupanda ngazi bila kusaidiwa? Tukamuuliza mama mmoja anayeishi juu ya mawe kule Mabatini, ambaye kila siku anapanda jabali na ndoo kichwani. "Ngazi ipi?" akauliza. "Hapa kuna mawe tu." Ikabidi tuandike kwamba hapandi ngazi. Liliuliza tena, nani anakutunza? Mbele ya mkwe wake anayening'iniza masikio mlangoni, mzee gani atasema hajala tangu jana? Wote walijibu, "Watoto wananitunza vizuri sana, nashukuru Mungu." Sista alinifundisha kuacha swali hilo, kuomba maji ya kunywa, na kuangalia maji yanaletwa na nani, kwa uso gani, na mzee anapewa kikombe kipi.

Mwisho wa dodoso kulikuwa na kipimo cha kumbukumbu. Leo ni tarehe ngapi, huu ni mwaka gani, chora saa. Chora saa! Mzee aliyeishi kwa jua na jogoo unampa kalamu achore saa. Aliyeshindwa kipimo hicho aliondolewa kwenye utafiti, kwa maelezo kwamba majibu yake hayaaminiki. Kwa hiyo wazee waliokuwa wanahitaji matunzo kuliko wote ndio hatukutakiwa kuwahesabu. Nilikasirika nikiwa kijana na bado nina hasira.

Ndipo tulipofika Kiseke, nyumbani kwa fundi wa kuchomelea aitwaye Bujiku.

Bujiku alikuwa mtu wa makamo, mpole, mikono imejaa alama za cheche. Alikuwa na karakana yake Igoma na kazi zake zilisifiwa. Tukamwambia tumekuja kumwona baba yake, Mzee Ndaki. Mkewe, Mbuke, akaangalia chini. Kisha Bujiku akatuongoza uani hadi kwenye chumba cha nyuma, na pale tukaona mlango wa nondo, mpya, amechomelea mwenyewe, mzuri kweli, una maua ya chuma katikati. Nyuma ya maua hayo amesimama mzee mrefu, amevaa shati safi, ameshika nondo kwa mikono miwili.

"Shikamoo," mzee akaniambia.

Mzee wa umri wa babu yangu, ananiamkia mimi! Nikajibu haraka kama nilivyolelewa: "Hapana, baba, mimi ndiye nakuamkia. Shikamoo!"

Akatikisika. Akashika nondo kwa nguvu zaidi, akasema kwa sauti ya juu, "Shikamoo!"

"Shikamoo, baba!"

"Shikamoo!"

Tukawa tunarushiana hivyo, yeye anazidi kuhangaika, machozi yanamlengalenga, mimi nazidi kujikunja kwa heshima. Bujiku alikuwa amegeukia ukuta. Akatueleza, bado ameupa uso ukuta. Mzee alianza kuamkia watoto wa jirani, kisha wauza mboga, kisha akamwamkia mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake. Yule mtoto akaugua, na mtaani wakaanza kusema mzee ni mchawi. Mnajua kwetu Usukumani maneno ya namna hiyo juu ya mzee yanaishia wapi. Bujiku alijua. Alimfungia baba yake ili asiuawe.

"Na hakai," Mbuke akasema kwa sauti ndogo. "Anasimama hapo kutwa. Kiti anacho, kitanda anacho, hakai."

Sista akasogea kwenye mlango, akanyoosha mgongo, na akasema kwa sauti ya mtu mzima aliyetoka shambani:

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe wako wapi?"

Mzee Ndaki akashusha pumzi ndefu mpaka mabega yakashuka. "Wamekunywa," akasema. Akarudi nyuma, akakipapasa kigoda, akakaa.

Mzee alikuwa amerudi utotoni, kijana wa kuchunga, na mtoto aliyelelewa haketi mpaka wakubwa waitikie salamu yake. Watu wote waliokuwa wanampita walikuwa wanamkatalia. Wengine walikataa kwa woga, wengine kwa heshima kama mimi, na yeye akaendelea kusimama akisubiri. Sista alipoinua suruali ya mzee tuliona miguu imevimba hadi ngozi inang'aa, na juu ya vifundo imeanza kupasuka na kutoa maji.

Tulisafisha, tukafunga bendeji, tukamwinulia miguu juu ya mto. Kisha Sista akamwita Bujiku pembeni. Nilisimama nao, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Dawa ya miguu hii ni kukaa," akamwambia. "Na wa kumkalisha ni wewe. Asubuhi akikuamkia, mwitikie."

"Nimwitikie baba yangu marahaba?"

"Ndiyo."

"Sista, hiyo ni laana. Nikipokea shikamoo ya baba nimemfanya mtoto. Nimekuwa baba wa baba yangu."

"Umeshakuwa, Bujiku," Sista akasema.

Alikataa. Alituambia yuko tayari kununua dawa yoyote, kumpeleka hospitali ya Bugando, kumbeba mgongoni, kuuza mashine yake ya kuchomelea, lakini neno hilo halitatoka mdomoni mwake. Mbuke ndiye kabisa msimuulize. Mkwe na baba mkwe, hata jina lake hakulitaja, angewezaje kumwitikia kama mtoto? Na mimi mwenyewe nilipojaribu siku ile wakati wa kuaga, neno lilikwama. Mnacheka? Jaribuni. Nilikuja kuwajaribu wanafunzi wangu miaka ya baadaye: nawasimamisha mmoja mmoja, mimi nawaamkia shikamoo, waniitikie marahaba. Darasa zima la watu wenye digrii, wanachekacheka, wanashika midomo, mmoja alitoka nje kabisa.

Tuliendelea kwenda Kiseke. Hatukutakiwa, maana Mzee Ndaki alikuwa ameshashindwa kuchora saa na hakuwa wetu tena, lakini Sista alikuwa akiichomeka Kiseke katikati ya nyumba nyingine kama mtu anayepitia sokoni. Nami nililazimisha ulimi wangu mpaka ukakubali. Siku ya kwanza niliyosema "marahaba, mwanangu" na mzee akakaa, nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja, sijui nisemeje. Tukiwepo anakaa. Tukiondoka, majirani wakipita, Bujiku akirudi kazini, shikamoo, shikamoo, anasimama tena. Vidonda havikufunga. Ikaingia masika, chumba kikawa na unyevu, mguu mmoja ukabadilika rangi, na tukamlaza hospitali.

Huko wodini, wauguzi wazuri, mabinti wapole, walifanya kama nilivyofanya mimi siku ya kwanza. "Hapana babu, sisi wajukuu zako, shikamoo wewe!" Kila aliyepita, mzee alitaka kushuka kitandani asimame. Alianguka mara moja. Wakamfunga kitandani kwa shuka asianguke tena. Nilipofika zamu ya jioni nilikuta mikono yake imefungwa, anaangalia dari, anaamkia dari. Nilimfungua nikamwitikia mpaka sauti ikanikauka, lakini zamu moja haitoshi. Hakumaliza wiki.

Kwenye ripoti ya utafiti hayumo. Amehesabiwa kati ya "wasiokidhi vigezo". Sista aliwaandikia wakubwa akiomba kwenye dodoso liongezwe swali moja, mzee anasalimiaje na anaitikiwaje, akaambiwa si kipimo kinachotambulika. Alirudi ofisini, akachukua kitabu chake cha nyimbo akaenda kwaya.

Tulikwenda msibani. Bujiku alitupokea vizuri, akatuletea viti mwenyewe. Baada ya kula alikuja akachuchumaa mbele ya Sista, mikono kifuani, akauliza kitu ambacho kilinifanya niangalie pembeni.

"Sista, ningemwitikia, angekaa?"

Nilimwomba Mungu Sista adanganye. Aseme ugonjwa ulikuwa mkubwa, aseme siku zake zilikuwa zimefika, watu husema hivyo misibani na hakuna anayedhurika.

"Angekaa," Sista akasema.

Bujiku alitikisa kichwa taratibu, akainuka, akaenda kusaidia kukunja maturubai.

Njiani nilimjia juu Sista wangu kwa mara ya kwanza maishani. Nilimwambia ana moyo wa jiwe, nikamwambia hata Mungu anasamehe uongo wa msibani. Alitembea mpaka nilipoishiwa maneno.

"Bujiku ana mama," akasema. "Umemwona yule bibi pale mlangoni? Amesema shikamoo kwa yule mtoto wa jirani. Labda amekosea tu. Labda ameanza. Nikimdanganya Bujiku leo, huyo naye atawekewa nondo zenye maua."

Sikuwa nimemwona. Miezi kadhaa baadaye nilipita Kiseke peke yangu. Mlango wa nondo ulikuwa umeng'olewa na umeegeshwa ukutani, na uani Bujiku alikuwa amekaa na mama yake, anamenya viazi. Bibi akasema, "Shikamoo, kaka." Bujiku akafumba macho kidogo, kama mtu anayemeza kwinini, akasema, "Malahaba." Bibi akaendelea kukaa. Sikupiga hodi. Nililia mpaka kituo cha gari, watu wakinipa pole wakidhani nimefiwa.

Kazi ikaendelea. Nilifanya tafiti nyingine nyingi: wazee wanaoanguka, wazee wanaolea wajukuu walioachwa yatima, wazee wasiosikia. Hili la kusikia shikeni sana. Si mmoja wala wawili nilioletewa wakiitwa wamechanganyikiwa, kumbe masikio yamejaa nta. Mafuta kidogo ya uvuguvugu, siku chache, kusafisha, na mzee anaanza kuwajibu wanawe hadi wanajuta kumleta. Kila nilipoanza kazi mpya niliwafundisha wasaidizi wangu: mzee akikuamkia, usimbishie. Itikia. Muulize ametoka wapi. Nimelifundisha hilo kwa miaka hadi nikaonekana nina wazimu wa marahaba.

Sista Adventina alistaafu mapema kuliko mimi, akahamia Igoma kwa binti yake Jasinta, mwalimu wa shule ya msingi. Nilimtembelea kila nilipopata nafasi. Alikuwa amepanda migomba nyuma ya nyumba, akilalamika kwamba udongo wa Mwanza haujui ndizi. Tulikula matoke, tukasengenya wakubwa, na nikiteleza tu, "Sista, lipoti yenyewe..." alinyoosha kidole hewani na mdomo umejaa: "Ri! Ri!"

Siku moja nilifika, nikasema, "Shikamoo, Sista." Akasema, "Shikamoo." Nikacheka. Nilidhani ni utani wa zile habari zetu za zamani, naye alicheka, tukaendelea. Nilirudi nyumbani nikajiambia ni utani. Mimi, niliyewafundisha wengine dalili hiyo kabla ya dalili zote, nilijiambia ni utani kwa karibu mwaka mzima.

Kisha Jasinta akanipigia simu. "Shangazi, Mama ameanza," akasema, akakata simu kwa sababu hakuweza kuendelea. Sista alianza kusahau sufuria jikoni, akawa anavaa gauni juu ya gauni. Alitoka akakutwa kwenye barabara ya Musoma akiulizia wodi. Na alianza kupiga magoti. Kila aliyeingia, wanafunzi wa Jasinta, fundi bomba, muuza maziwa, Sista alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji akamwamkia, naye ana goti bovu na nyonga aliyowahi kuivunja. Jasinta alimvuta mkono: "Mama, inuka! Wewe ni mtu mzima, Mama, unanidhalilisha!" Naye anang'ang'ania chini, hajaitikiwa. Magoti yalichubuka, yakatunga usaha. Daktari aliyemtazama ile nyonga alisema akianguka tena hatatembea.

Nilimweleza Jasinta la kufanya. Nilimweleza vizuri, kwa utaratibu, kama nilivyoeleza watu wengi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Shangazi, wewe umeshamwitikia?"

Sikuwa nimemwitikia. Nilikuwa nafika, naye akiniamkia namwinua kwa mikono miwili, nabadilisha maneno, namwonyesha migomba. Kwa Mzee Ndaki niliweza, kwa wazee wasio na hesabu wa mji huu niliweza. Huyu ndiye aliyenipa kikata kucha. Nikimwitikia marahaba nimekubali kwamba ameondoka, na mimi nilikuwa bado nina mengi ya kumuuliza.

Wiki iliyofuata baada ya kuagwa kazini nilikwenda Igoma na kipande cha keki waliyonikatia. Jasinta alikuwa jikoni. Sista alikuwa amekaa kwenye kochi na gauni jeupe la zamani, ambalo sijui alilitoa wapi. Aliponiona akashtuka kama mwanafunzi aliyekutwa amelala. Akajishika kwenye meza, akaanza kushuka, goti moja, la pili. Nilisikia mfupa ukilia. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, Sista," akaniambia. "Nisamehe. Nimechelewa zamu."

Nikaelewa amenifanya nani. Yuko kwenye siku yake ya kwanza, na mbele yake amesimama Sista wake, yule mkali aliyemfundisha yeye, ambaye sikuwahi kumjua. Nikanyoosha mikono nimwinue kama kawaida. Akakaza magoti, akarudia, "Shikamoo, Sista." Jasinta alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, ananiangalia mimi, hamwangalii mama yake.

Nikanyoosha mgongo. Na neno, lilipotoka, lilitoka na ulimi wa Magu, ulimi niliotoka nao kwa mama yangu.

"Malahaba, mwanangu."

Nikasubiri. Wallahi nilisubiri. Nilisubiri kile kidole kipae hewani, nilisubiri "Ma-RA-haba, Kabula!" niinuliwe na kicheko chake, niaibike mbele ya Jasinta. Hakunirekebisha. Alishusha pumzi, akajishika mezani, akainuka bila kusaidiwa.

"Nianze na kitanda cha ngapi, Sista?"

"Cha dirishani," nikasema.

Akaenda chumbani, kitanda chake ndicho kilichoko dirishani. Nilimfuata. Alitandua shuka, akalikung'uta, akalitandaza upya, akakunja kona, akavuta, akabana. Akapitisha kiganja juu yake kutafuta mkunjo. Mikono ile haikuwa imesahau kitu chochote. Jasinta alikuja akasimama nyuma yangu analia kimya kimya. Jioni, kabla sijaondoka, nilimsikia jikoni akijaribu neno lile peke yake, kwa sauti ya chini, mara aseme nusu, mara lote.

Sasa naenda kila wiki. Magoti yake yamepona, maana Jasinta amejifunza kuitikia mapema, kabla mama yake hajashuka. Nikifika ananiripotia wagonjwa, mimi naitikia kwa kichwa, tunatandika pamoja. Mkikuta mambo haya yanawafaa, yachukueni. Yasipowafaa, kabati ni la kwenu.

Juzi nilipokuwa naondoka nilisimama mlangoni mwa chumba chake. Alikuwa amenipa mgongo, anabana kona ya shuka. Nikasema, "Shikamoo, Sista," kama nilivyomwambia siku zote. Hakugeuka. Nami sikuweza kutoka, nikaendelea kusimama pale pale nikisubiri.